Magari Madogo ya Deraya na Watu Wasiokuwapo Mezani



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mashamba yaliyonyang'anywa, mishahara iliyocheleweshwa na mahabusu waliosahauliwa. Safari hii tunasema juu ya magari ya kuchezea. Tunaomba msidhani kwamba tumeishiwa mambo. Shauri hili limeletwa kwetu na waamini wenyewe, wakadai jibu. Nasi katika kulitafuta jibu hilo tumejifunza mengi kuliko tulivyotazamia.

Kisa ni hiki. Rafiki mmoja wa parokia, aliyerudi kwao Uingereza miaka mingi iliyopita, alileta kasha kwa ajili ya ukumbi wa vijana. Ndani yake mlikuwa na magari madogo ya kivita ya Kiingereza, mengine ya plastiki na mengine ya madini, yote yakiwa yamepakwa rangi kwa mkono kwa uangalifu mkubwa. Pamoja nayo mlikuwa na dadu, utepe wa kupimia na kitabu cha kanuni. Vijana walifurahi mno. Haikupita juma moja, meza kubwa ya ukumbi ikawa jangwa la Libya, mchanga umetandazwa juu ya turubai na mawe yamepangwa kuwa milima. Wazee wawili wa baraza walipoona hayo walitaka kasha lichomwe moto. Katekista alisema kwamba huo ni mchezo tu, kama bao. Maneno yakawa mengi, na mwisho wakakubaliana kutuuliza: je, yafaa vijana waliofundishwa habari za haki na amani wacheze vita?

MCHEZO WENYEWE NI NINI?

Yafaa kwanza tujue tunasema juu ya nini, kwa maana kulaani jambo usilolijua nako ni dhuluma. Mchezo huu haukuanza kwa watoto. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, aitwaye Reisswitz, aliuonyesha mchezo wa vita wa mezani mbele ya mkuu wa majeshi, Jenerali Müffling. Mkuu huyo aliutazama, akatambua kwamba mbele yake palikuwa na shule ya vita, naye akauagiza upelekwe vikosini. Hivyo basi, shina moja la mchezo huu lilipandwa kambini.

Lakini liko shina la pili. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, akieleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa madini na mizinga midogo ya springi. Wells hakuandika ili kuwasifu majenerali. Alishikilia kwamba mtu aliyewahi kujaribu vita vidogo sakafuni ataona upesi jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu, na kwamba wenye kiu ya vita wangefaa kufungiwa chumbani na vinyago vyao, ili watu wengine waishi kwa salama. Mwaka uliofuata, 1914, Ulaya iliingia katika Vita Kuu, na hakuna mkuu hata mmoja aliyefungiwa chumbani.

Baadaye, mwaka 1962, Donald Featherstone alitoa kitabu chake War Games, kilichowavuta watu wengi katika mchezo huu. Yeye alikuwa ametumika katika kikosi cha vifaru wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kazi yake ya kila siku baada ya vita ilikuwa kutibu viungo vya watu walioumia. Basi tusiseme kwa haraka kwamba wachezaji hawa ni watu wasioijua vita, au kwamba wanapenda damu.

Jambo lililotushangaza zaidi tulipokaa na vijana mezani ni uaminifu wa kazi. Magari mengi ya kasha lile yameundwa kwa kipimo cha moja kwa sabini na sita, yaani gari la kweli limegawanywa mara 76. Gari dogo la upelelezi la Dingo halifiki hata sentimita 5 kwa urefu. Hata hivyo kila ribiti ya bamba la chuma imewekwa mahali pake. Rangi ya jangwani haichanganywi na rangi ya Ulaya. Na mchezaji makini hakubali kuliweka katika vita vya 1940 gari lililoanza kutumika miaka mitatu baadaye. Laiti sisi sote tungekuwa waangalifu hivyo tunapoandika habari za jirani zetu!

GARI LILILOUNDWA ILI LIONE

Tulipouliza magari haya yalikuwa na kazi gani, tulipata jibu ambalo hatukulitegemea. Kifaru kimeundwa ili kivunje. Gari la upelelezi limeundwa ili lione. Dingo, lililoanza kutengenezwa na kampuni ya Daimler mwaka 1939, lilibeba watu wawili tu, dereva na mwenzake. Silaha yake ilikuwa bunduki ndogo ya rashasha, na kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu, ili lipate kujificha nyuma ya kichaka au ukuta wa shamba. Liliweza kwenda karibu kilomita 90 kwa saa. Na tena giaboksi yake ilikuwa na gia tano za kwenda mbele, na zizo hizo tano za kurudi nyuma. Ndiyo kusema, gari hili liliundwa kwa makusudi ili liweze kukimbia kinyumenyume, likiwa bado linamtazama adui.

Waundaji wake walijua kwamba mpelelezi aliyekufa hana habari ya kuleta. Kazi yake ni kwenda, kutazama, na kurudi kusema kweli. Baadhi ya kanuni za mezani hulihifadhi jambo hilo: gari la upelelezi likishambuliwa, mchezaji huruhusiwa kulirudisha nyuma kabla ya dadu kurushwa. Vijana walitueleza hayo kwa furaha, nasi tukaona kwamba mchezo unaweza kweli kufundisha. Ulikuwa umewafundisha kwamba kurudi nyuma si woga siku zote, na kwamba macho yaweza kuwa na thamani kuliko mzinga.

Baada ya vita ile, kampuni hiyo hiyo ilitengeneza gari lingine la namna hiyo, Ferret, jina la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1971 yaliundwa zaidi ya 4,000. Kampuni ya Alvis nayo ikaunda magari mawili ya magurudumu sita: Saladin, lenye mzinga wa milimita 76 na watu watatu ndani yake, na Saracen, la kubebea askari. Saladin ni jina la sultani Salahuddin. Saracen ni jina ambalo Wakristo wa Ulaya wa zamani za Vita vya Msalaba waliwaita Waislamu. Wenye kuchagua majina walitaka majina yenye ukali. Yaani hata kabla risasi haijatoka, jina limekwisha kumtaja adui.

MAHALI MAGARI YALIPOFIKA

Hapa ndipo yalipoanza maswali yetu. Juu ya meza magari haya hukutana na magari mengine ya kivita: chuma kwa chuma, askari kwa askari. Lakini Ferret, Saladin na Saracen hayakutumia miaka yao mingi katika vita vya namna hiyo. Yalikwenda Malaya, Kipro, Aden na Ireland ya Kaskazini. Yalizunguka vijijini na katika mitaa ya watu, na waliokuwa mbele yao mara nyingi walikuwa watu waendao kwa miguu.

Tutaje siku moja tu. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, Afrika Kusini, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kupinga sheria za pasi, ambazo zilimlazimu Mwafrika kuomba ruhusa ya kutembea katika nchi yake mwenyewe. Polisi walikuwa na magari ya Saracen, yaliyokuwa yameuzwa kwa serikali ya makaburu. Risasi zikapigwa. Kwa hesabu iliyotangazwa watu 69 walikufa, na wengi wao walipigwa mgongoni, maana walikuwa wanakimbia. Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kupinga ubaguzi wa rangi ulimwenguni. Na Nelson Mandela alichagua kutia sahihi Katiba mpya ya nchi yake huko huko Sharpeville, tarehe 10 Desemba 1996.

Tulimwambia kijana mmoja habari hizo wakati alipokuwa ameishika Saracen ya plastiki mkononi. Aliigeuza juu chini, akaitazama, kisha akasema, "Kitabu kimeandika idadi ya askari wanaoingia ndani. Walio nje hakikuwataja." Hatukuona la kuongeza.

Na tusidhani kwamba hayo yalikuwa mbali nasi. Mzee mmoja wa jumuiya, aliyekuja ukumbini kuona vurugu ya nini, aliokota Ferret kutoka kwenye mchanga wa turubai. Vijana walimwamkia, naye akawa bado anaitazama. "Hii naijua," akasema. Mwezi Januari 1964 alikuwa kijana Dar es Salaam. Wasomaji wengi wanakumbuka, au wamesimuliwa: tarehe 20 ya mwezi ule askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada kwa Uingereza, na hakuificha aibu ya kuomba hivyo. Tarehe 25 makomando walitua kwa helikopta kutoka manowari iitwayo Centaur, na magari ya Ferret yalikuwamo katika msafara ule. Maasi yakazimwa, jeshi lile likavunjwa, na mwezi Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi.

"Babu, uliogopa?" kijana mmoja akauliza.

"Mjukuu wangu, mtu aliyeshika bunduki unamwona uso," mzee akajibu. "Hili lilipita barabarani, nami nikaona kijitundu tu. Sikujua kama aliye ndani ananiona au hanioni. Hapo ndipo nilipoogopa."

Haki inatudai tuseme kwamba siku ile magari hayo yaliitwa na serikali halali, na kwamba yalisaidia kuzuia umwagaji wa damu ulio mkubwa zaidi. Hatusemi kila gari la deraya ni dhambi yenye magurudumu. Tunasema tu kwamba tangu mwaka ule mzee huyu ameyabeba maneno yale, na kwamba hakuna kanuni ya mezani inayoyahesabu. Mchezaji huitazama meza kutoka juu na kuona kila kitu. Aliye ndani ya gari huchungulia kwenye upenyo. Aliye nje haoni ila chuma.

WATU WASIOKUWAPO MEZANI

Upungufu wa mchezo huu, basi, tumeuona hapo. Ni mwaminifu mno kwa chombo, na ni msahaulifu kwa watu. Na ukweli wa nusu una hatari yake, kwa kuwa umepambwa kwa usahihi wa nusu ile nyingine.

Chukueni mfano wa kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza magari ya Rolls-Royce yaliyovikwa mabamba ya chuma yaliletwa hata Afrika Mashariki. Ni magari mazuri kuyatazama, na wachezaji huyapenda. Lakini katika nchi isiyo na barabara, yenye matope ya masika na mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe, vita ile haikubebwa na magari. Ilibebwa vichwani. Wapagazi wa jeshi la Uingereza walioandikwa kuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria, ni zaidi ya 40,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu likiwa Kariakoo, nasi twanunua nyanya hapo bila kukumbuka. Je, ni mara ngapi mpagazi amewekwa mezani kwa uangalifu ule ule wa ribiti za Rolls-Royce?

Wala wakosaji si Waingereza peke yao. Lugha yetu ya Kiswahili imetoa neno moja ambalo limeingia katika vitabu vya dunia, nalo ni "kadogo". Ndivyo walivyoitwa watoto waliopewa bunduki huko Uganda katika miaka ya 1980, na huko Kongo katika vita iliyoanza mwaka 1996. Wakubwa walilitamka neno hilo kwa mapenzi, kama mtu anavyomwita mwanawe. Kumbe neno la mapenzi lilifunika dhuluma kubwa. Wazee wetu wawili waliotaka kasha lichomwe walikuwa na hilo moyoni, nasi hatuwacheki. Katika nchi ambazo jirani zake wameona watoto wakichezeshwa vita ya kweli, mtu mzima anayo haki ya kushtuka aonapo vijana wameinamia meza yenye bunduki, hata kama bunduki yenyewe ni ndogo kama sindano.

MJI MMOJA, KAZI MBILI

Kabla hatujatoa jibu, tunawaomba mwende pamoja nasi hadi mji wa Coventry, katikati ya Uingereza. Huko ndiko zilikokuwa kampuni zote mbili, Daimler na Alvis. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji huo kwa saa nyingi, kwa sababu ya viwanda vyake. Zaidi ya watu 500 walikufa. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli liliteketea, zikabaki kuta na mnara.

Wakuu wa kanisa lile waliamua kutolipiza hata kwa maneno. Misumari ya paa lililoungua iliunganishwa ikawa msalaba, na ombi la msamaha likachongwa ukutani bila kutaja nani asamehewe, kwa kuwa wote wanahitaji. Kanisa jipya lilitabarukiwa ubavuni mwa magofu mwezi Mei 1962, na kutoka hapo kazi ya upatanisho imeenea katika nchi nyingi.

Sasa tafakarini jambo hili. Katika miaka ile ile ambayo kanisa jipya lilikuwa linajengwa, mji ule ule ulikuwa unaunda Ferret, Saladin na Saracen. Fundi aliyepoteza nyumba yake usiku wa mabomu aliweza kuamka asubuhi, akalipa kodi ya nyumba na kulisha watoto kwa mshahara wa gari ambalo siku moja lingesimama Sharpeville. Hatumhukumu fundi huyo. Tunasema hivi kwa sababu ndivyo tulivyo sote: mkono mmoja wajenga upatanisho, na mwingine wakaza skrubu bila kuuliza gari linakwenda wapi. Dawa yake ni kuuliza.

JIBU LETU

Kwa hiyo, ndugu zetu mliotuuliza, jibu letu ni hili. Kasha lisichomwe. Kitu kilichochomwa hakifundishi mtu. Na tena vijana wataona kwamba tunaogopa plastiki, huku tukinyamazia bunduki za kweli zipitazo mipakani. Lakini mchezo usiendelee kama ulivyokuwa. Tunapendekeza mambo matatu, na hayana gharama.

Kwanza, kila atakayeweka gari mezani aseme limekwenda wapi katika historia yake, kwa heri na kwa shari. Uangalifu unaotumika kujua mwaka wa rangi utumike pia kujua mwaka wa Sharpeville.

Pili, watu wawekwe mezani. Kama hakuna sanamu za kununua, upo udongo, na mikono ya vijana wetu inayoumba magari ya waya na ng'ombe wa udongo haishindwi. Awekwe mama mwenye mtungi, mpagazi, mtoto, mwenye duka, mkimbizi na kitanda chake kichwani. Tena kanuni iwe hivi: hakuna atakayehesabiwa kuwa ameshinda kama hao wameangamia.

Tatu, baada ya dadu, wakae na mzee mmoja aliyeona, naye asimulie. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Meza itangoja, wao hawatangoja.

Tumekwisha kulijaribu hili la mwisho jioni moja. Mzee yule wa Ferret alikaa kwenye benchi, vijana wakamzunguka, na hakuna aliyegusa dadu kwa muda wa saa nzima. Walipoondoka, mmoja wao alikuwa ameumba mtu wa udongo, mdogo kuliko kidole, akamsimamisha kando ya barabara ya mchanga, mbele ya lile gari. Yupo hapo mpaka leo. Kila anayetaka kupitisha gari lake hana budi kwanza kuamua atamfanyia nini.